Msing'oe hita za usiku kabla hamjaangalia mita

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaoishi Uingereza kwenye fleti zisizo na gesi, manake sa hivi naona watu wanang'oa zile hita nzito za kuhifadhi joto la usiku wanaweka hita bapa nyembamba za umeme, muuzaji kawaambia ati zinabana matumizi, ukuta unapendeza kweli, halafu bili ikija ndo mtu anaanza kutafuta mchawi.

Jamani, hita ya umeme ya kawaida, iwe ya bei mbaya au ya bei poa, uniti 1 ya umeme inakupa uniti 1 ya joto basi. Hakuna inayobana kuliko mwenzake hapo. Kinachobadilika ni saa unayotumia huo umeme. Hita ya zamani ndani ina matofali mazito, yanapashwa usiku umeme ukiwa rahisi halafu yanaachia joto mchana, na Economy 7, mpango wa bei ya umeme ulioanza 1978, ndo unauza hizo saa 7 za usiku kwa bei ya chini. Ukiweka hita bapa na ukabaki Economy 7, unapasha nyumba kwa umeme wa mchana ambao kwenye mpango huo mara nyingi ni ghali kuliko hata wa mtu mwenye bei moja kutwa.

Sisemi hita za zamani ni nzuri, hapana. Asubuhi ukiwa unatoka kwenda kazini nyumba inachemka, jioni ukirudi na baridi yako matofali yameshapoa. Ila zile nobu mbili juu, ya kuingiza na ya kutoa, wapangaji wengi hakuna aliyewahi kuwaelekeza, wanafungulia zote mpaka mwisho na joto lote linaishia hewani hawapo. Ya kutoa ifunge ukienda kulala na ukitoka, ifungue jioni, halafu ndo uamue kama inafaa kutupwa.

Ikibidi kubadilisha, zipo hita za usiku za kizazi kipya. Zimezibwa vizuri joto lisivuje, zina kifeni cha kusukuma joto ukilihitaji, na zinajipimia zenyewe zichaji kiasi gani. Lakini muulize fundi habari ya waya. Hita za zamani mara nyingi zina laini yake inayopata umeme usiku tu, ukiunga hita bapa kwenye laini hiyo mchana kutwa ni pambo la ukutani, na hizi mpya nyingi zinataka laini mbili, ya usiku na ya saa 24. Fundi anayekupa bei kwa simu bila kuja kufungua boksi la umeme mimi simwamini.

Mita nayo muiangalie. Zile za zamani zinazobadilisha bei kwa mawimbi ya redio (mawimbi marefu ya BBC yaani) zilianza kuzimiwa huduma hiyo tarehe 30 Juni 2025, kwa hiyo mwenye mita ya hivyo aongee na kampuni yake ya umeme kabla hajanunua hita yoyote. Na hita za miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, baadhi zina asbesto ndani, usizifungue na bisibisi yako, aitwe mtu wa kazi hiyo.

Pampu ya joto ndo inashinda zote kwa matumizi, uniti 1 inaweza kukuletea kama 3 za joto kwa sababu haitengenezi joto, inalivuta kutoka nje. Shida ya fleti ni lile boksi la nje, linataka ruhusa ya mwenye jengo, na wenye majengo tunawajua.

Na hapo ndo penye kero yangu kubwa. Mwenye nyumba ndo ananunua hita, mpangaji ndo analipa bili, sasa huyo mwenye nyumba atahangaika na hita ya maana ya nini wakati ile ya bei chee inafungwa siku moja na yeye halali humo? Mpangaji ukiambiwa mnabadilishiwa hita, kabla fundi hajaingia uliza kwa maandishi: hita gani, inatumia umeme wa saa ngapi, na mpango wa bei utabadilishwa au mnaachwa kwenye Economy 7.

Mpangaji mwenzenu,
Uingereza