Kwa mdogo wangu wa bandarini: habari za karani wa Istanbul

Mdogo wangu,

Ulisema vita vya baharini viandikwe na waliovipigana, na kwamba wewe mtu wa mafaili huna lako hapo. Basi nikusimulie habari za Mustafa bin Abdullah wa Istanbul. Mashekhe wetu wanamjua kama Haji Khalifa, mwenye Kashf al-Zunun, ile orodha kubwa ya vitabu. Waturuki humwita Katip Çelebi.

Alizaliwa mwaka 1609. Kazi yake ilikuwa hesabu za jeshi, na kwa kazi hiyo alifuatana na misafara ya vita hadi Baghdad na Erzurum. Aliporithi mali, pesa nyingi ziliishia kwa wauza vitabu. Mwaka 1645, alipoona cheo hakiji, aliacha kazi akakaa nyumbani kusoma. (Wewe usithubutu, una ada za watoto.)

Mwaka huohuo Waosmani, dola ya Kituruki iliyotawala kutoka Istanbul, walishuka kisiwa cha Krete, na vita vyao na Venice, dola ya wanamaji ya Italia, vikajiburuta miaka na miaka. Juni 1656 manowari za Sultani zilipigwa vibaya mlangoni mwa Dardanelles, ambako ndiko njia ya kuingilia Istanbul kwa bahari. Katika kipindi hicho cha fedheha karani wetu aliandika Tuhfat al-kibar, historia ya vita vya majini vya Waosmani. Hapa ndipo anaponikosha. Wengine wangeandika za kujifariji. Yeye alirudi nyuma hadi enzi za Sultani Mehmed aliyeiteka Istanbul, akapanga vita kimoja kimoja, akaeleza karakana ya meli inavyoendeshwa, kisha akawapa makamanda nasaha. Mojawapo: amiri asiyekulia baharini awaulize kwanza mabaharia wazoefu.

Sababu alikuwa nayo. Kule Lepanto, pwani ya Ugiriki, Waosmani walipopigana na muungano wa Wakristo mwaka 1571, manowari zao zilikuwa chini ya Müezzinzade Ali Pasha, askari wa nchi kavu. Uluç Ali, nahodha aliyezeekea majini, alishauri wasitoke kupigana, hakusikilizwa. Pasha aliuawa na meli nyingi zikatekwa. Uluç Ali akachomoka na meli zake chache, na ndiye aliyekabidhiwa uamiri baadaye.

Katip Çelebi alifariki mwaka 1657, hata kitabu hakijapoa. Mchapaji wa Istanbul, Ibrahim Müteferrika, alikichapa mwaka 1729, kikiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mtambo wake wa uchapaji.

Sasa, yale madaftari ya majahazi ambayo ofisi yenu inataka kuyachoma: muombe mkuu wako uyanakili kwanza. Karatasi nitanunua mimi.