Kabla hujamnunulia mtoto gari za treki, geuza transfoma usome

Kwa Mhariri,

Salamu aleykum. Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua, ntajaribu kufupisha ijapokuwa wanaonijua hapo watacheka. Mimi ni fundi wa vyombo vya stima huku Majengo, feni, redio, blenda, pasi, na kila Idd ikipita, halafu tena disemba shule zikifungwa, huja wateja wa namna moja tu, baba kashika kiboksi cheusi cha plagi, ile transfoma ya kushushia stima, na mtoto yuko nyuma yake kanuna, hata hajasema kitu mi nishajua. Ni zile gari za treki.

Kwa asiyezijua, ni gari ndogo zinazokimbia juu ya treki ya plastiki unayoiunga kipande kwa kipande sakafuni. Kila gari lina kiulimi chini ya pua kinachoingia kwenye mfereji, na huku na huku ya mfereji pana reli mbili nyembamba za chuma zinazopitisha stima iliyoshushwa, we umeshika kontrola mkononi, ukibana gari linakimbia, ukiachia linapoa. Usukani hamna. Ujuzi wote ni kujua uachie wapi kabla ya kona, maana ukichelewa gari linatoka mferejini linaenda kulala chini ya kochi, na hapo ndo utaona mtu na ndevu zake anagombana na mtoto wa miaka minane.

Sasa sijifanyi mjuzi, bwana Mhariri, wa kwanza kuunguza ni mimi. Shemeji yangu aliko Marekani alileta pipa, na ndani ya pipa, katikati ya viatu na sabuni na mashuka, mlikuwa na seti nzuri sana ya gari mbili, boksi halijafunguliwa. Ilikuwa asubuhi ya Idd, tumerudi kuswali, watoto wananivuta kanzu baba funga baba funga, nikaunga treki mbiombio, plagi ikawa ya meno mawili bapa nikatafuta ile adapta ya kugeuza meno, nikachomeka. Wallahi lile gari liliondoka kama limeona jini. Mzunguko mmoja na nusu, mwanangu wa kiume anapiga kelele za furaha, halafu nikasikia harufu ile ninayoinusa kila siku dukani kwangu, varnishi ya waya inayoungua, na transfoma ikaanza kunguruma kama paka. Nilipoing'oa ilishalainika upande mmoja. Nikaigeuza, na hapo mgongoni imeandikwa wazi, INPUT 120V. Mimi, fundi, miaka ishirini na ushei kwenye kazi hii. Mke wangu mpaka leo akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni ataja ile transfoma tu.

Kwa hivyo la kwanza ninalowaambia watu ni hili, seti ikitoka Marekani usiichomeke kabla hujasoma mgongo wa transfoma. Stima yetu ni volti 240, ya kwao 120. Adapta inageuza meno ya plagi tu, stima haiigusi. Ukichomeka transfoma ya 120 kwenye 240 inatoa mara mbili ya ilichotakiwa kutoa, mota ya gari inapata kipigo, na yenyewe inajichemsha mpaka inakufa. Ukikuta imeandikwa 100-240V hiyo haina neno, badilisha meno uendelee. Ikiwa ni 120 peke yake basi tafuta ile transfoma kubwa ya kushusha, au njoo kwa fundi akutafutie nyingine yenye volti za kutoka zile zile, si za kukisia, maana seti hizi hazifanani, kuna za volti 14 na kitu, kuna za 15, kuna za 18, na zile gari ndogo kabisa zingine zafika 22. Ukilipa gari la 15 stima ya 22 usije ukalia kwangu.

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa ndipo picha ya boksi inawadanganya watu. Seti zinaandikwa 1:32, 1:43, 1:64 na kuendelea. Gari la kweli la mita nne na nusu likipunguzwa kwa 1:32 linakuwa kama sentimita 14, laenea kiganjani vizuri, kwa 1:43 linakuwa kama 10, kwa 1:64 linabaki 7 hivi, kidole cha kati. Mtu anaona 1:32 kwenye boksi anadhani ni kakitu kadogo, akifika nyumbani, chumba na sebule, anakuta treki inataka nafasi ya mkeka mzima na bado gari likiruka linagonga mtungi wa gesi. Mi nawaambia hesabu vigae. Sakafu nyingi za flati zetu zina vigae vya 40 kwa 40, kaa chini uhesabu vingapi viko wazi pale ambapo hutolazimika kuhamisha kochi kila siku, kwa sababu treki ya kuhamishiwa kochi inachezwa wiki mbili halafu inaingia chini ya kitanda na haitoki tena. Seti ndogo kabisa ya mviringo ya 1:32 yataka kama mita moja na nusu kwa sentimita 75, na hiyo ni bila nafasi ya kupiga magoti.

Wenye nafasi finyu wachukue 1:43 au zile za 1:64, hizi za mwisho zaenea juu ya meza ya kulia. Ila zile ndogo zina sumaku kali chini na zinakimbia mpaka jicho halifuati, mtoto mdogo hafurahi nazo sana, anabana tu. Na zile za betri ni za wale wa chekechea, zinakula betri kama mbuzi na majani, sina zaidi la kusema juu yake.

Kwenye 1:32 majina makubwa unayokutana nayo ni mawili, Scalextric ya Waingereza na Carrera ya Wajerumani. Scalextric ni ya zamani, ilianza 1957, jamaa anaitwa Fred Francis alikuwa akiuza gari za bati za springi zinaitwa Scalex, akazitia mota ya stima, ndo jina likawa Scalex na electric kwa pamoja. Carrera ilikuja 1963. Watu huniuliza ipi bora na mi hujibu, unakaa wapi? Maana treki ya Carrera ni pana, karibu sentimita 20 upande hadi upande, ya Scalextric ni kama 16. Waona ni kidogo lakini ukiunga kona nne utajua. Kwa chumba kidogo Scalextric inakunjika vizuri zaidi. Lakini, na hii lakini haimo kwenye boksi wala dukani hawatakwambia, reli za Carrera ni chuma kisichoshika kutu, na za Scalextric zinashika. Mtu wa Nairobi pengine hilo halimsumbui. Sisi hapa tunaishi na chumvi hewani, bati linakwisha, mlango wa gari unakwisha, misumari inalia kutu ukutani, masika yakiingia hata chumvi ya mezani inageuka uji. Seti ya Scalextric ukiiweka chini ya kitanda kuanzia kusi ianze mpaka disemba, ukiitoa reli zimekuwa rangi ya udongo na gari linakwenda kwa kukwama kwama kama tuktuk imeishiwa mafuta.

Dawa ipo na ni rahisi, raba ya kufutia ya mtoto wa shule. Unasugua reli taratibu kipande kwa kipande halafu unapangusa kwa kitambaa kikavu. Msasa usitie, nimeona watu wanatia msasa wakakwangua ile ngozi ya juu ya reli, mwezi mmoja baadaye kutu imerudi mara tatu. Na chini ya gari kuna vibrashi viwili vya nyuzi za shaba zilizosukwa, hivyo ndivyo vinavyogusa reli, vikishikana na nywele na vumbi la mkeka gari linakufa na mtu analeta kwangu akidhani mota imeungua. Nachukua sindano, natoa unywele wa mkewe, nazichanua nyuzi kidogo, gari linaondoka. Pesa nachukua, lakini kwa haya.

Mi mwenyewe sasa nina Scalextric, ya mtumba, niliipata soko la Kongowea ndani ya gunia la midoli, na kutu yake yote, kwa sababu nyumba yangu ni ndogo na raba ni rahisi kuliko kodi. Mwenye sebule kubwa na hana subira ya kusugua achukue Carrera. Ila usidhani utachanganya, vipande vya treki vya hii na ile haviungani. Gari la kampuni moja mara nyingi lakubali kukimbia juu ya treki ya mwenzake ikiwa zote ni za 1:32 na ni analogi, yaani zile za kawaida zisizo na chipu, kila gari na njia yake, treki kwa treki ndo haitaki. Basi ukishachagua umeoa, na kabla ya kuoa uliza muuzaji kama vipande vya kuongeza na vibrashi na tairi anavyo au anaweza kuagiza. Akikuzungushia maneno, ondoka.

Nije kwenye dijitali, maana ndiyo inayopigiwa debe. Dijitali ni kwamba gari sita zaweza kukimbia kwenye njia mbili, na unabonyeza kitufe gari linahamia njia ya pili kumpita mwenzake. Ni tamu, sikatai, nilicheza kwa rafiki yangu Nyali mpaka mkewe akazima taa. Lakini kila gari lataka chipu yake ndani, kila mchezaji kontrola yake, na bei inapanda huko juu, halafu unampa mtoto ambaye hata mizunguko kumi bila kuanguka hawezi. Anza na analogi, gari mbili njia mbili. Akiweza kumi bila kuanguka, tuongee.

Na kuna kitu kimoja kilinivunjia amani nyumbani mpaka nikachukua futi nipime. Wanangu wawili walikuwa wanapigania njia ya ndani kila siku, huyu alia yule alia, mi nawaambia njia ni zile zile tu. Kumbe si zile zile. Kwenye treki ya mviringo, njia mbili zikiwa zimeachana sentimita 7.8 kama kwenye Scalextric, wa nje anakimbia karibu nusu mita zaidi kila mzunguko. Mizunguko kumi ni mita tano karibu! Wa nje kona yake ni pana kwa hivyo anaweza kuipiga kwa kasi zaidi kidogo, lakini mita tano ni mita tano. Nikamwomba radhi mdogo. Kwa hivyo ukiwa dukani angalia kama vipande vinatosha kuunga umbo la nane, lenye daraja au njia panda katikati, hapo wa ndani kona hii anakuwa wa nje kona ile na wote wanalingana. Kama ni mviringo mtupu basi badilisheni njia kila baada ya mizunguko kumi na mtu asilie.

Kuhusu gari lenyewe lililo kwenye boksi, usilitazame kabisa, ijapokuwa najua ni vigumu. Mwanangu alitaka seti kwa sababu ya gari la rali lililochorwa juu, na mi nilikuwa karibu nikubali, maana sisi tumekulia kwenye Safari Rally, mbio za magari za hapa kwetu, na madereva wake Joginder Singh na Shekhar Mehta, Mehta ambaye alichukua ushindi 1973 halafu tena 1979 mpaka 1982 mfululizo, baba yangu alikuwa anafunga duka kusikiliza redioni. Lakini gari hununuliwa peke yake baadaye. Treki ndiyo utakayoishi nayo.

Na ukinunua mtumba, mwambie muuzaji achomeke mbele yako. Asiye na soketi akakwambia we nenda tu boss ni nzima, huyo mi nilishamlipa mara moja, kontrola moja ilikuwa tupu ndani, hata waya hamna. Angalia pia vile vikucha vya kuungia vipande, vikikatika treki inaachana kwenye kona kila mara na stima inakatika hapo hapo.

Mwisho bwana Mhariri nina ombi langu mwenyewe. Lile gunia la Kongowea lilikuwa na treki ya Scalextric ya zamani na ya sasa zimechanganywa, na hizo mbili haziungani bila kipande maalumu cha katikati, upande mmoja una kufuli za zamani na upande wa pili za sasa. Nataka viwili. Msomaji yeyote wa Mombasa, Kilifi hata Lamu aliye navyo kwenye boksi chini ya kitanda, aandike kupitia gazeti hili. Sina pesa nyingi lakini feni yake ntaitengeneza bure, na nikiikuta ina kutu ntasugua pia.

Fundi wa stima,
Majengo, Mombasa