Shukrani kwa dada aliyetusaidia kumpata chatu wetu
Kwa niaba ya familia yangu hapa Columbus, Ohio, ninamshukuru kwa dhati dada ambaye hakutuachia jina, aliyekuja baada ya chatu wa mwanangu kutoroka kwenye kizimba chake cha kioo. Alitukataza kutega mitego ya gundi, kwa kuwa huweza kumchuna nyoka ngozi, akaziba chini ya milango kwa taulo, kisha akanyunyiza unga wa ngano kando ya kuta. Usiku, ambao ndio wakati wa chatu kutembea, mchirizi kwenye unga ulielekea nyuma ya friji, penye joto la mota, naye akamwinua taratibu kwa mikono miwili, bila kumvuta mkia (mama mkwe bado yuko juu ya kiti). Mwenyezi Mungu akuzidishie, dada. Hata pesa ya mafuta uliikataa.