Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mnada wa Muheza, Ada na Hali ya Chama

Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha kununua, kutengeneza na kuuza vyombo vya zamani,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Kabla ya yote, nawaomba tuwakumbuke wenzetu wawili waliotangulia mbele za haki mwaka huu. Mmoja wao ndiye aliyetufundisha wengi wetu kusuka viti vya henzirani, na hadi leo hatujapata wa kushika nafasi yake.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Tulihudhuria minada minane hapa Tanga mjini, Pangani na Korogwe. Mafunzo ya kupiga msasa na polishi yalifanyika mwezi Machi. Stoo ilifagiliwa na kupuliziwa dawa ya fukusi mara mbili. Banda la Nane Nane hatukupata, kwa kuwa malipo yalichelewa, na yalichelewa kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo. Limesemwa sana vijiweni kwamba mwenyekiti alichukua pesa za chama akaenda kununua friji bovu na mabao. Nimekaa kimya miezi saba nikingoja kikao halali. Leo naomba nisikilizwe mpaka mwisho.

Vitu hivyo vilitoka kwenye mnada wa vyombo vya nyumba moja iliyokuwa ya meneja wa shamba la mkonge wilayani Muheza. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893, na nyumba za namna ile zilijengwa na kupambwa wakati ulipokuwa na bei. Baada ya mashamba kutaifishwa kufuatia Azimio la Arusha la 1967, na hasa nyuzi za plastiki zilipochukua soko, nyingi ziliachwa zioze. Hii nayo warithi wa mtu wa mwisho kuishi humo wako mbali, mirathi imevutana miaka mingi, popo wamejaa darini na mchwa wamemaliza fremu za milango. Tangazo la mnada lilibandikwa ofisi ya kijiji siku nne tu kabla. Mimi ndiye niliyelipata, kwa nauli yangu mwenyewe, nikaja kuwaarifu.

Waliofika siku hiyo tulikuwa watu kumi na mmoja. Wanachama tulikuwa wawili, mimi na mhazini. Waliobaki walikuwa wanunuzi wa chuma chakavu na jamaa waliofuata mabati. Dalali akatangaza kwamba vyombo vyote vya ndani vinauzwa fungu moja, hakuna kuchagua, na malipo ni palepale. Asiyelipa, fungu linanadiwa upya dakika hiyohiyo. Dau la chuma chakavu lilifika 1,800,000. Kwa mikono yao, friji lingekatwa kwa gesi jioni ileile, na viti sita vya mninga vingekwenda jikoni kwa mama ntilie.

Ni kweli ibara ya 14 ya katiba yetu inaturuhusu mwenyekiti na mhazini kutumia hadi 500,000 bila kikao. Sikatai. Lakini niliwapigia simu wajumbe wote tisa wa kamati nikiwa nimesimama chini ya mwembe wa nyumba ile. Watatu walipokea. Wawili wakasema nunua, mmoja akasema tungoje kikao. Nikapandisha dau hadi 1,850,000, nyundo ikagonga. Chama kilikuwa na 1,200,000 tu kwenye simu ya mhazini. Zile 650,000 zilizopungua nilizitoa mfukoni mwangu, na mpaka leo sijarudishiwa hata shilingi. Anayesema nimekula pesa za chama aeleze nimezilaje.

Kuhusu hayo yaitwayo mabao. Ni kabati la nguo la milango mitatu, la mvule mtupu. Lilikaa kwenye chumba ambacho mchwa walikula hata ubao wa sakafu, nalo halikuguswa, kwa sababu mvule una asili ya kukataa mchwa. Tulipolivuta kutoka ukutani nikachomoa droo ya chini. Pembe zake zimeshikana kwa meno yaliyochongwa kwa patasi, yakapandana kama vidole vya mikono miwili, hakuna msumari hata mmoja. Juu ya meno bado unaona mstari mwembamba wa kucha ya chuma ambao seremala alijipimia. Kwenye ubao wa nyuma kuna mahali pamebonyea, ukubwa wa punje ya korosho: seremala alikutana na jiwe, ile chokaa ngumu inayoganda ndani ya mvule na kuua meno ya msumeno, akalitoa taratibu badala ya kuutupa ubao. Kioo chake kimeingia madoa meusi pembeni kwa unyevu. Wako waliotaka kioo kibadilishwe. Nilikataa, na bado nakataa. Mnunuzi anayejua kazi hii hulipia kioo cha asili.

Friji ni Electrolux la mafuta ya taa. Naomba vijana wetu wanielewe hapa, kwa kuwa wengi hawajaliona likifanya kazi. Halina mota. Chini kuna taa ya utambi, nyuma kuna bomba la moshi, na moto ndio unaochemsha amonia iliyomo ndani ya mabomba ili ibebe joto na kulitoa nje. Ufundi huo uligunduliwa na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na zahanati nyingi zisizo na umeme katika Afrika zilihifadhi chanjo kwa friji za aina hii. Pale mnadani kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinama nyuma yake na kunusa. Amonia ikivuja huwezi kuikosa, macho yatakutoka machozi. Hapakuwa na harufu. Nilijua mabomba ni mazima.

Tulipolileta stooni halikupoa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Fundi wetu mmoja wa Makorora, mzee anayezijua friji hizi tangu ujana wake, akaagiza ligeuzwe kichwa chini miguu juu, kwa kuwa likikaa miaka bila kuwashwa, au likibebwa vibaya, maji na amonia hukwama ndani. Lilikaa hivyo usiku kucha. Asubuhi tukaligeuza, tukaliacha litulie, tukalipima kwa pimamaji ili lisiegemee upande, tukakata utambi upya mpaka moto ukawa wa buluu. Mzee akaweka bakuli la maji ndani, akafunga mlango. Kesho yake saa mbili asubuhi tulifungua. Juu ya maji palikuwa na barafu nyembamba kama ngozi ya maziwa. Mzee aliigusa kwa kidole ikapasuka. Tulikuwepo watu wanne, nami sioni haya kusema kwamba nililia.

Hesabu ya fungu lile ni hii. Ununuzi 1,850,000, usafiri wa Fuso 210,000, mafundi 165,000, jumla 2,225,000. Tumeuza viti 540,000, cherehani 320,000 na redio 180,000, jumla 1,040,000. Pengo ni 1,185,000, na tunalo kabati na friji. Kabati limefikiwa 900,000, nikasema tusubiri.

Cherehani lilikuwa Singer lenye namba inayoanza na herufi Y, yaani la kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Watu walikuja usiku wakitaka kulipima kama lina zebaki nyekundu, kitu kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa mno. Uvumi huo uliwahi kupandisha bei za cherehani hizi kupita kiasi huko Saudia mwaka 2009, na ni uongo. Mwanachama atakayeuza kitu cha chama kwa hadithi hiyo nitamleta mbele ya kamati. Na redio za zamani msizichomeke umeme kabla fundi hajabadilisha kapasita zilizooza, moja tumeshaiunguza.

Nije kwenye mahudhurio na ada, na hapa nasema kwa uchungu. Tuko wanachama 64. Akidi yetu ni 22. Kikao cha Juni walifika 11, cha Septemba 14, vyote vikavunjika. Ada ni 5,000 kwa mwezi, hivyo tulitegemea 3,840,000. Tumekusanya 1,415,000. Waliolipa yote ni 19. Kumi na saba hawajatoa hata shilingi moja, na kati yao wamo waliopaza sauti zaidi kuhusu mnada wa Muheza. Banda la Nane Nane tulilikosa kwa hiyo. Kama kamati ingepokea simu na wanachama wangelipa ada, nisingelazimika kutoa za mfukoni wala kuvuka ibara ya 14.

Mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kupata chumba cha maonyesho, kuanza mafunzo kwa vijana na kuangalia minada ya Lushoto na Kilosa. Tutajitahidi pia kuwa na orodha nzuri ya vitu vyetu.

Naomba kikao hiki kiidhinishe matumizi ya Muheza na kuamua juu ya 650,000 zangu. Kabati liko stooni, kila mwanachama anaruhusiwa kuchomoa droo na kujionea. Friji litakuwa limewashwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Tanga