Barua kwa mwanangu: je, umekula?

Rabai, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mguu wangu wa kushoto umerudia yale yale. Binamu yako alipita hapa juzi akitoka Nairobi. Nilipomuuliza habari zako alinyamaza kwanza, kisha akasema umekonda hata nguo zinakupwaya, uko kwenye mfungo wa siku 21 wa maji matupu, na ile karo ya muhula niliyokutumia umempelekea mchungaji wenu iwe mbegu, yaani sadaka ya kuvunia baraka. Usimkasirikie. Nilimbana mimi.

Unakula, mwanangu? Nijibu hilo kabla ya lingine lolote.

Sikatazi kufunga. Kila Kwaresima umeniona nikifunga. Lakini naishi Kilifi, na neno mfungo sasa haliniingii kama zamani. Mwaka wa 2023 tuliketi hapa tukisikiliza redio ikihesabu miili iliyofukuliwa Shakahola, hadi hesabu ikapita 400. Watu walioacha kula kwa neno la mchungaji wao ili wamwone Yesu, na watoto wao. Sisemi mchungaji wako ni wa namna ile, simjui. Nasema wengine wao walikuwa na mama nyumbani aliyekuwa akingoja simu.

Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo huu kufika chuo kikuu. Barua yako ya kuitwa chuo nimeitia fremu, ipo ukutani juu ya redio, na kila mgeni lazima aisome. Ndiyo maana inaniuma kwamba msomi kama wewe hakuuliza swali dogo: injili maana yake nini? Nilifundisha somo la dini miaka 26, nawe ulikaa dawati la mbele. Au sikufundisha vizuri.

Injili ni habari, mwanangu. Neno lenyewe tumelipata kupitia Kiarabu, majirani zetu Waislamu walikuwa nalo kabla mmisionari Krapf hajakanyaga Mombasa mwaka wa 1844, lakini mzizi wake ni Kigiriki: habari njema ya kutangazwa. Na Yesu hakuwa wa kwanza kutangaziwa hivyo. Mwaka wa 9 kabla ya Kristo, miji ya Asia, Uturuki ya leo, iliamua mwaka wao uanze siku aliyozaliwa Kaisari Augusto, na jiwe lililochongwa kule Priene linasema kuzaliwa kwake kulikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Habari njema ya Kaisari, na nyuma yake mtoza ushuru. Kisha anakuja Marko na kufungua kitabu chake: "Mwanzo wa Injili ya Yesu Kristo." Neno lile lile amepewa seremala aliyesulubiwa na askari wa Kaisari! Kila nikilifikiria hilo mwili unanisisimka, hata leo.

Na habari yenyewe ni fupi. Paulo aliwaandikia Wakorintho miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba, akasema anawapa yale aliyoyapokea yeye mwenyewe, maana yake wengine waliyasema kabla yake: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya 500, na wengi wao wangali hai. Yaani nendeni mkawaulize. Fungua 1 Wakorintho 15 uniambie mbegu imetajwa wapi kama bei ya kuingilia. Yote hayo yamekwisha kutendeka, na aliyeyatenda si wewe. Utaongezea nini kwa njaa yako?

Najua watakuonyesha ile ya apandaye haba atavuna haba. Soma sura nzima, 2 Wakorintho 9. Ule ulikuwa mchango wa kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu. Na Simoni wa Samaria alipoleta fedha anunue uwezo wa Roho, unajua Petro alimjibu nini: fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Krapf naye, miezi michache tu tangu afike alimzika mkewe na mtoto mchanga. Kaburi la mkewe umelitembelea Nyali. Habari hii ilimgharimu yeye aliyeileta.

Ya baba yako na zile chupa za maji ya maombi unayajua, ulikuwepo, sitayarudia. Ila yule ng'ombe hakuibiwa. Nilikwambia ameibiwa, kumbe nilimuuza kwa ajili ya chupa zile. Daktari alisema tungefika siku kumi mapema baba yako angepona, na siku hizo kumi nilikuwa nazo.

Kwa hiyo nauliza tena, unakula? Yesu alipomfufua binti Yairo, neno lililofuata ni kwamba apewe chakula. Alipofufuka mwenyewe aliwauliza wanafunzi, "Mna chakula chochote hapa?" wakampa kipande cha samaki, akala mbele yao. Na kule ufukweni alikuwa amekwisha kuwasha makaa: "Njoni mfungue kinywa." Huyo ndiye ninayemjua mimi. Hukuniambia hata siku moja kwamba una shida iliyokupeleka kwa watu hawa. Ungeniambia. Au labda sikuwa mtu wa kuambiwa, kwa ukali wangu.

Karo tutaitafuta. Mkwezi anakuja Alhamisi kuangua nazi, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Usiende kudai ile pesa, usije ukagombana na watu. Nenda ofisini chuoni uombe muda. Makuti ya jikoni yanavuja upande wa kuni, nduguyo anataka viatu vya shule tena, miguu inakua kama mihogo. Shangazi yako anakusalimu.

Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Nairobi mfuko wako. Mna mahamri, mbaazi kwenye kopo la bluu, na samaki wa kukaanga niliyemfunga kwa gazeti. Mbaazi zipashe moto kwanza. Ukifika nazo chumbani nipigie, na usikate simu mpaka nikusikie ukitafuna.

Mama yako