Mwanangu, Jumamosi hii nenda Uzgen

Mwanangu, mama,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, mama ako nae kaisikiliza, kumbe huko Osh, Kirgizia, hamna kitu zaidi ya anatomia na baridi, na pilau yao haina viungo. Sawa, nimekuelewa. Ila Jumamosi panda marshrutka, hivyo vihaisi vyao, uende Uzgen, ni kama kilomita 55 tu.

Mi nilifika 1987 nikisoma Tashkent, Uzbekistan, na enzi hizo za Usovieti mwanafunzi wa nje hutoki mjini bila karatasi ya ruhusa, yangu wakakosea tarehe wakaandika ya kesho yake, basi nikasafiri roho mkononi, kila nikiona askari nageukia dirishani, kana kwamba mtu mweusi peke yake kwenye basi zima haonekani, hahaha.

Mji wenyewe mdogo, umekaa juu ya ukingo na chini unapita mto Kara Darya, maana yake mto mweusi, ambao huko mbele unakutana na Naryn na kuzaa Syr Darya. Ukiuona mji huo huwezi amini kuwa miaka kama 1,000 iliyopita ulikuwa makao ya watawala wa Karakhani, katika Waturuki wa mwanzo mwanzo kusilimu. Makaburi yao bado yapo, majengo matatu yameshikana, la katikati ndo kongwe, la kaskazini ni la 1152 na la kusini 1187. Hamna vigae vya bluu kama vya mji wa Samarkand, Uzbekistan, ni tofali na udongo wa kuchoma basi, na kwangu mimi ndo pazuri zaidi. Simama mlangoni pa lile la kusini uangalie michongo ya maua na herufi za Kiarabu, nilipitisha kidole kwenye mfereji wa herufi moja mpaka mlinzi akanifokea.

Pembeni kuna mnara, sa hivi una mita 27 na kitu, zamani inasemekana ulifika 44, tetemeko likaangusha juu, hicho kikofia unachokiona kimewekwa miaka ya 1920. Kama una noti ya som 50 yenye sura ya Kurmanjan Datka, yule mama kiongozi wao wa zamani, igeuze, utauona.

Sokoni siku ile mzee mmoja wa Kiuzbeki alinivuta mkono akanilisha pilau, wali na karoti nusu kwa nusu, kitunguu saumu kizima katikati, mafuta ya kondoo, na zira, ambayo ni bizari nyembamba yetu hii hii, kwa hiyo usiseme hawana viungo. Tulikula sinia moja na jirani yake Mkirgizi, wakitaniana muda wote, mi sielewi hata nusu. Juni 1990 nshakuwa nyumbani, nikasikia redioni Wauzbeki na Wakirgizi wanauana Osh na Uzgen, mamia wamekufa. Nililizima lile redio. Jina la yule mzee sikuwahi kuliuliza.

Ukifika sokoni ninunulie kilo mbili za mchele wa devzira, wanaulima bonde hilo hilo. Una wekundu fulani hivi, usugue kiganjani, ukiacha vumbi jekundu ndo wenyewe, usipoacha muachie mwenyewe. Mama ako anasema uvae soksi mbili.

Baba