"Si ni kunakili tu?": kwa nini tunatoza tunavyotoza kuhamisha data ya mauzo

Juzi mama mmoja mwenye duka la jumla Kongowea alitutamkia wazi kwamba tunamnyonya. Alitaka mauzo yake yatoke kwenye mfumo wa malipo yaingie kwenye hifadhidata ya wingu, yaani ghala la data lililo mtandaoni, ayaone kwa simu popote alipo. Alipopewa bei akasema, "Si ni kunakili tu? Mpwa wangu ataimaliza jioni moja." Si wa kwanza kutuambia hivyo, na tunamheshimu, ndiyo maana tunajibu kwa urefu.

Mpwa ataimaliza kweli. Skripti, yaani programu fupi, inaita API, mlango ambao programu moja huombea data kwa nyingine; API inajibu kwa JSON, maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome; majibu yanamwagwa kwenye jedwali, basi. Sisi hatutozi hapo. Tunatoza siku ambayo stima imepotea katikati ya kazi, au API imejibu 429, yaani imekataa ombi, kwa sababu umeiita mara nyingi mno, au tokeni, yaani kibali cha muda cha kuitumia API, imekwisha muda. Tokeni ya Daraja, API ya M-Pesa, kwa mfano, huishi saa moja tu. Programu isiyojua kuomba nyingine husimama kimya, na mwenye duka hugundua mwisho wa mwezi hesabu zikikataa.

Mteja wetu mmoja wa vifaa vya ujenzi, Changamwe, alituletea jedwali lililoonekana safi kabisa. Tulipohesabu miamala ya kila siku, siku zote zenye shughuli nyingi zilikuwa na miamala 100 kamili. 100, 100, 100. Duka gani linauza hivyo? API ile ilikuwa ikitoa rekodi 100 kwa kila ukurasa, na skripti ilisoma ukurasa wa kwanza ikaondoka. Wateja wa alasiri wote hawakuandikwa, na mwenye duka alikuwa ameshaanza kumshuku kijana wa kaunta. Hilo lilituuma kuliko pesa.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi zaidi ni ile ya "ikikwama, iendeshe tena". Mtandao unakatika nusu ya safari, mtu anabonyeza upya, na nusu ya kwanza inaingia mara ya pili. Tumeona malipo ya shilingi 4,500 yamekaa mistari mitatu, msimbo wa M-Pesa ule ule, dakika ile ile. Mwenyewe alikuwa ameagiza mzigo kwa kuamini jumla ile. Dawa yake inajulikana: msimbo wa muamala uwe ndio ufunguo wa jedwali, yaani kitambulisho kisichoruhusiwa kujirudia, na rekodi ikirudi isahihishe iliyopo badala ya kuongeza mstari. Lakini ifanywe mwanzoni. Kusafisha marudio ya mwaka mzima, huku mengine yakiwa yameshaingia kwenye hesabu za kodi, bei yake ni nyingine, na hatuoni haya kuitoza.

Kisha kuna saa. API nyingi huandika muda kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Duka la nguo la Biashara Street likiuza mpaka usiku wa manane kumi la mwisho la Ramadhani, chochote kilicholipwa kati ya saa sita na saa tisa usiku huangukia tarehe ya jana. Mwenye duka akifunga hesabu kwa siku, hazitalingana na droo hata kidogo.

Na tafadhali, msipitishe data kwenye Excel "kuiangalia kidogo" kabla ya kuipakia. Nambari ya simu inayoanza na 254 inageuka 2.547E+11, na ile ya 07 inapoteza sifuri. Nambari hizo ni data ya watu, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa hiyo wala faili zake hazifai kuzungushwa WhatsApp.

Sisi jibu la API tunalihifadhi kwanza lilivyokuja, bila kuligusa, kwenye jedwali lake. Ndipo tunalisafisha. Kila asubuhi mfumo unalinganisha idadi na jumla na taarifa ya malipo, na zikitofautiana hata kwa shilingi tunapata ujumbe kabla yako. Ada ya kila mwezi mnayoilalamikia inalipia hilo, pamoja na siku API inapobadilisha toleo.

Kama tayari una skripti ya mpwa, njoo nayo ofisini na taarifa ya malipo ya mwezi mmoja. Tutalinganisha mbele yako bila malipo. Zikilingana, endelea naye.